Mtoto Anayempenda Jane Goodall na Milima: Mwongozo Kamili wa Kumlea Awe Mtazamaji wa Viumbe

Mtoto akishaiona picha ya Jane Goodall, mtafiti Mwingereza wa sokwe, ameketi juu ya mlima wa Gombe nchini Tanzania, nywele kazifunga nyuma na darubini iko mkononi, maswali huanza siku hiyo hiyo: nitapanda lini mlima, nitawaona lini sokwe? Wazazi wengi hujibu kwa fulana yenye picha ya sokwe au kwa ahadi ya safari wakati wa likizo. Fulana huchakaa, ahadi husahaulika. Mapenzi ya namna hii hudumu pale mtoto anapopewa kazi ile ile aliyoifanya yule anayempenda: kukaa mahali pamoja, kutazama, kuandika, kurudi kesho yake.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anaiweza kazi hiyo. Aanzie bandani kwa kuku, aende kwenye kichuguu, ndipo apelekwe mlimani. Akianza na mlima atarudi na miguu inayouma na hana alichokiona, kwa sababu macho yake hayajazoea kutafuta.

Kwanza, mpe habari zake sahihi

Goodall alizaliwa London tarehe 3 Aprili 1934. Akiwa na miaka minne alitaka kujua yai linatokea wapi kwenye mwili wa kuku. Alipomfuata kuku mmoja ndani ya banda, kuku alitaharuki akatoroka. Basi akaingia banda jingine lisilo na kuku, akajificha kwenye manyasi na kungoja kwa saa nyingi hadi kuku akaja akataga mbele yake. Nyumbani walikuwa wamemtafuta hadi polisi wakaitwa. Mama yake, Vanne, alipomwona anakuja mbio na manyasi kichwani hakumgombeza. Aliketi akamsikiliza habari yote ya yai. Mzazi, sehemu hii inakuhusu wewe kuliko mtoto.

Tarehe 14 Julai 1960, akiwa na miaka 26, alifika Gombe, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika kaskazini mwa Kigoma. Aliandamana na mama yake, maana wakuu wa serikali ya kikoloni hawakukubali msichana akae porini peke yake. Hakuwa na shahada yoyote wakati huo. Shahada yake ya udaktari (PhD) ya Chuo Kikuu cha Cambridge aliipata katikati ya miaka ya 1960. Sokwe walimkimbia kwa majuma mengi, na malaria ikamlaza yeye na mama yake. Alichofanya ni kuchagua kilele kimoja kinachotazama mabonde mawili na kupanda hapo alfajiri baada ya alfajiri, akivaa nguo za rangi iliyofifia, bila kujificha, mpaka sokwe wakamzoea. Huko juu aliweka sanduku la bati lenye blanketi, sweta, kahawa na birika. Mwanzoni mwa Novemba 1960 alimwona dume aliyempa jina la David Greybeard akichovya unyasi ndani ya kichuguu na kula mchwa walioung'ata. Wataalamu wa wakati ule walishikilia kwamba kutengeneza na kutumia zana ni kazi ya binadamu peke yake.

Kuna mambo mawili ambayo masimulizi ya watoto hupenda kuyaruka, na mtoto wetu anayahitaji sana. La kwanza ni watafiti Watanzania. Rashidi Kikwale alikuwa miongoni mwa waliotembea naye milimani siku za mwanzo, na Hilali Matama alikuja kuwa mmoja wa watu wanaowajua sokwe wa Gombe kuliko karibu mtu yeyote duniani. Mwaka 1975 watu wenye silaha waliovuka ziwa waliwateka wanafunzi wanne, watafiti wa kigeni wakaondoka, na kazi ya kila siku ikaendelezwa na Watanzania hao. Maandishi yao ya uwandani waliyaandika kwa Kiswahili. Kwa hiyo mtoto anayejaza daftari lake kwa Kiswahili anafuata desturi ya Gombe yenyewe.

La pili ni ndizi. Katika miaka ya 1960 ndizi ziliwekwa kambini ili sokwe wasogee. Walisogea kweli, ila wakaanza kujazana mahali pamoja na kugombana, wao kwa wao na pia na nyani waliofuata ndizi hizo hizo. Ikabidi ugawaji upunguzwe, na hatimaye ukomeshwe. Mweleze mtoto jambo hili mapema, kabla hajaomba kumtupia tumbili kipande cha mkate.

Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, akiwa California katika ziara ya kuzungumza na watu. Mtoto ambaye hajaambiwa aambiwe wazi, kwa maneno mafupi. Akilia, mwache alie.

Daftari

Nunua daftari lenye jalada gumu, dogo kiasi cha kuingia mfuko wa suruali ya mtu mzima. Penseli iwe HB, mbili, kila moja imefungwa kwa uzi kwenye uti wa daftari. Kalamu ya wino haifai: mvua ikinyesha maandishi husambaa. Mfuko wa nailoni wa kufungia daftari hugharimu kidogo sana na huokoa kazi ya miezi.

Kila ukurasa uanze na mistari mitatu kabla ya jambo lolote: tarehe na saa, mahali, hali ya hewa. Chini yake gawa ukurasa kwa mstari wa wima. Upande wa kushoto andika *Nimeona*, wa kulia *Nadhani*. "Kima amechuma majani matatu, amekula mawili, amedondosha moja" ni la kushoto. "Jani lile lilikuwa chungu" ni la kulia. Watoto wengi huchanganya pande hizi mbili kwa majuma ya kwanza, hasa kwa maneno kama *amekasirika* na *anacheza*. Usifute alichoandika. Muulize tu, "Umeona nini kilichokufanya useme amekasirika?" Akijibu kwamba manyoya yalisimama na mkia ukainuka, hayo ndiyo ya kwenda kushoto.

Majina ya wanyama yaruhusiwe. Goodall alikosolewa na wasomi kwa kuwapa sokwe majina badala ya namba, lakini hakuacha. Sharti ni moja: kila jina liandikwe pamoja na alama inayomtambulisha mwenye jina, kama sikio lililochanika, kidole kilichokatika au doa la shingoni. Bila alama, kesho kutwa kuku wawili wekundu watakuwa na jina moja.

Hatua ya 1: yai

Kazi ya kwanza ni ile ile ya utotoni mwake. Kuku wengi hutaga kati ya alfajiri na adhuhuri. Kati ya yai na yai hupita kama saa 24 hadi 26, hivyo kila siku kuku huchelewa kidogo, kisha huruka siku. Mwambie mtoto aandike saa ya kila yai kwa juma zima. Siku ya nane atakuwa na makisio mazuri kuhusu kuku yupi ataingia kiotani na saa ngapi.

Usafi kwanza. Zoa kinyesi jioni ya kuamkia siku hiyo na ufungue madirisha ya banda, kwa sababu vumbi na harufu kali humkohoza mtoto na kikohozi humfukuza kuku. Mwenye pumu asiingie kabisa. Achungulie nje kupitia wavu. Asubuhi mtoto aingie *kabla* ya kuku, aketi kwenye kiti kifupi pembeni, mita mbili hivi kutoka kiotani, asikitazame kiota kwa kukikodolea. Nguo zisipepee. Kanga iliyotupwa begani ikicheza na upepo, zoezi limekwisha. Wa miaka 6 huvumilia dakika 20, wa miaka 10 dakika 45. Mpe nafasi ya kujaribu siku kadhaa.

Atakachokiona ni hiki: kuku hupanga manyasi kwa mdomo, hutulia, kisha hujiinua nusu, na yai hutoka likiwa na unyevu unaokauka muda si mrefu. Baadaye anawe mikono kwa sabuni, maana kinyesi cha kuku hubeba vimelea vya kuhara.

Hatua ya 2: dakika 15

Huu ndio moyo wa mwongozo wote, na ndipo tunapowaomba wazazi wasikimbilie mbele. Gombe watafiti humchagua sokwe mmoja wakamfuata tangu anapoamka kiotani hadi anapotengeneza kiota cha jioni, na kila baada ya dakika 15 huandika nani yuko naye. Mtoto afanye vivyo hivyo kwa kuku mmoja, asubuhi moja ya Jumamosi, kuanzia banda linapofunguliwa.

Chora jedwali lenye safu tano: saa, yuko wapi, anafanya nini, anakula nini, nani yuko ndani ya hatua tano kutoka kwake. Mistari iwe 12:30, 12:45, 1:00, na kuendelea hadi saa 3 asubuhi. Hiyo ni mistari kumi na moja. Tega kengele ya simu. Ikilia, mtoto anaandika kile kinachotendeka *muda huo huo*, hata kama ni "amesimama tu". Mambo ya kusisimua yaliyotokea katikati yaende ukingoni mwa karatasi pamoja na saa yake.

Makosa hujirudia. Mtoto huacha mistari ya "amesimama tu" kwa kuiona haina maana, jedwali likaonyesha kuku anayepigana tangu asubuhi. Au hucheza, kisha akajaza mistari mitano kwa mpigo kutoka kichwani. Utaigundua kwa mwandiko unaofanana mno na saa zisizo na dosari. Usimwaibishe. Mwambie mstari uliokosekana huandikwa "sikuona", na kwamba neno hilo ni la heshima kwa mtafiti. Kosa jingine ni letu wakubwa: kumnong'oneza mtoto cha kuandika.

Baada ya Jumamosi nne, hesabuni pamoja. Nani huonekana mara nyingi karibu na nani? Nani hali mpaka mwingine amalize? Hapo mtoto ataanza kuuliza maswali ambayo wewe huna jibu lake, na ni dalili njema sana.

Hatua ya 3: kichuguu

Zoezi hili lifanyike mwanzo wa mvua, Oktoba na Novemba kwa sehemu nyingi za Tanzania, wakati mchwa wanapofungua njia hadi juu ya kichuguu na kuziziba kwa udongo mbichi, wakijiandaa kuwatoa kumbikumbi. Ndiyo maana David Greybeard alionekana Novemba. Kiangazi cha katikati utakwangua kichuguu kigumu bure.

Chagua kichuguu hai, chenye udongo mpya. Vichuguu vilivyokufa, vyenye matundu makubwa chini, epuka kabisa: nyoka na kenge huishi humo. Mtu mzima akizunguke kwanza na kupiga ardhi kwa fimbo. Kisha:

1. Tafuta doa la udongo wenye rangi tofauti, pana kama ukucha. Likwangue polepole kwa kijiti mpaka tundu lionekane.
2. Chuma unyasi wa kijani wenye urefu wa sentimita 25 hadi 30, unaopinda bila kuvunjika. Ondoa majani.
3. Uingize taratibu ukifuata mkunjo wa tundu. Ukigoma, zungusha kidogo, usisukume.
4. Subiri huku ukiutikisa kidogo sana, kisha uvute polepole kwa mwendo mmoja.

Mchwa askari, wale wenye vichwa vikubwa, watakuwa wameung'ata. Ukivuta kwa pupa hukwaruzwa kwenye kingo za tundu wakabaki ndani. Ukitumia kijiti kikavu hakifuati kona. Unyasi laini mno hujikunja mlangoni. Mtoto atashangaa jinsi kazi inayoonekana nyepesi kwa sokwe ilivyo ngumu kwake, naye ayaandike hayo yote. Vidole visiingie tunduni, kwa kuwa askari huuma hadi damu. Mkimaliza, rudishieni udongo kidogo juu ya tundu.

Darubini

Inayomfaa mtoto ni ya 8x30 au inayokaribia hapo: hukuza mara nane na kioo cha mbele kina upana wa milimita 30. Ya 10x huvutia dukani, ila mikono midogo hutetemeka na picha hucheza. Hakikisha mirija yake miwili inakaribiana vya kutosha kwa macho ya mtoto. Akiona duara mbili badala ya moja, hiyo si yake. Kuirekebisha: afumbe jicho la kulia, azungushe gurudumu la katikati hadi la kushoto lione vizuri, kisha afumbe la kushoto na azungushe pete ya upande wa kulia. Kumpata ndege: macho yabaki juu ya ndege, darubini ndiyo ipandishwe kuyafuata macho. Jua lisitazamwe kwa darubini hata nukta moja, hupofusha.

Hatua ya 4: mlima

Mlima wa kwanza uchaguliwe kwa ajili ya kukaa, si kwa urefu. Tafuta njia fupi inayofika kwenye ukingo wenye mandhari wazi. Irente, karibu na Lushoto katika Usambara, inafaa, ingawa ukingo wake ni jabali na mtoto lazima ashikwe mkono. Kwa walio Nairobi kuna vilima vya Ngong, vyenye upepo mkali. Uluguru kutoka Morogoro hadi Morningside ni mwinuko mkubwa zaidi, uwe wa pili au wa tatu. Popote uendapo, ulizia kiingilio na mwongozaji wa eneo hilo kabla ya siku yenyewe.

Piga hesabu hivi: saa moja kwa kila kilomita 3, ongeza nusu saa kwa kila mita 200 za kupanda. Kwa mfano, kutoka lango la Marangu hadi kambi ya Mandara katika Mlima Kilimanjaro, kwenye mita 2,720, ni kama kilomita 8 na mwinuko wa mita 850. Kwa mtoto hiyo ni karibu saa tano kupanda tu, na kushuka bado. Mlima wa kwanza usizidi saa nne, kwenda na kurudi, mbali na muda wa kukaa na kutazama.

Ondokeni saa 1 asubuhi. Milima yetu ya mashariki huvutia mawingu kuanzia adhuhuri, na radi ikiwakuta ukingoni ni hatari. Kabla ya kuondoka tajeni saa ya kugeuka, tuseme saa 5, na muiheshimu hata kilele kikiwa pale mbele.

Vya kubeba:

- maji lita moja ya mtoto, lita moja na nusu jua likiwa kali
- viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, ndizi, karanga
- sweta na koti la mvua, kwani kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi kama 6
- kofia, filimbi, tochi, utepe wa gundi, bandeji
- daftari na darubini

Mzigo wa mtoto usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Wa kilo 30 abebe kilo 3. Raba ziwe zimeshazoeleka, zenye meno chini, na kucha za miguu zikatwe jana yake, la sivyo kushuka kutamuumiza. Nguo ziwe za kijivu, kaki au kijani iliyofifia. Madoadoa ya kijeshi yasivaliwe kabisa: kwa raia ni kosa la jinai Tanzania na Kenya.

Mkifika mahali pa kukaa, ketini dakika 10 kimya kabla ya kutoa daftari. Ndege walionyamaza mlipokuja huanza tena kulia. Kisha mtoto afungue jedwali lake la dakika 15, saa nzima, akiandika sauti pia. Mbega na kima husikika majanini kabla ya kuonekana.

Siafu wakiwapanda, tokeni kwenye njia yao kwanza, ndipo mvue nguo na kuwachomoa mmoja mmoja. Suruali iliyochomekwa ndani ya soksi huzuia mengi. Upupu ukimgusa mtoto asijikune: bandika utepe wa gundi, uuvute na vinywele vyake, rudia, ndipo uoshe. Juu ya mita 2,500, mtoto mwenye ugonjwa wa mwinuko hasemi kichwa kinaniuma. Hukataa chakula, hununa, hulala njiani au hutapika. Shukeni papo hapo, bila kumpa dawa ya maumivu ili mwendelee. Na kabla ya hatua ya kwanza afundishwe: akipotea, aketi chini ya mti ulio karibu, apulize filimbi mara tatu, atulie, arudie.

Jioni hiyo hiyo, hata kama amechoka, akae nusu saa anakili maandishi yake kwa mwandiko safi kwenye daftari kubwa la nyumbani. Goodall alifanya hivyo kwa mwanga wa taa hemani. Vifupisho vya mlimani vinavyoeleweka leo, kesho havitaeleweka.

Gombe yenyewe, na kundi

Mwaka 1991 Goodall alikutana jijini Dar es Salaam na wanafunzi 12 wa sekondari, na hapo ikaanza Roots & Shoots, programu ya makundi ya watoto na vijana, ambayo sasa iko katika nchi nyingi. Kundi huchagua kazi tatu: moja ya kuwasaidia watu, moja ya wanyama, moja ya mazingira. Mwalimu mmoja aliye tayari anatosha kuanzisha shuleni, na watoto wenye madaftari watakuwa na cha kuanzia.

Kuhusu kuwaona sokwe, mwambie mtoto ukweli mapema: watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuatilia sokwe wa Gombe, na kwa gorila wa milimani nchini Rwanda umri wa chini ni miaka 15. Uliza TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, masharti ya mwaka huo kabla ya kulipa boti kutoka Kigoma. Sababu si ukali. Sokwe huambukizwa mafua na magonjwa ya mapafu ya binadamu, nayo huwaua. Hata akishafikia umri, avae barakoa, asile karibu nao, asiteme mate njiani. Na akiamka na kikohozi asubuhi ya safari, abaki ufukweni na daftari lake, awaandike nyani wanaoshuka ziwani.